Jinsi Nilivyopeleka Kinu cha Stima Mahali Pasipo na Stima

Habari hii mmeisikia vipande vipande, na kila mmoja wenu hapa kijijini kwetu Kwanza ana kipande chake. Yuko anayesema nilipigwa na wakwe. Yuko anayesema nilinunua mashine mbovu. Juzi kwa kinyozi nimesikia ati nilikimbizwa na kuku. Nimeona afadhali niandike mwenyewe tangu mwanzo, kwa sababu ukweli wenyewe unanitosha kwa aibu bila nyinyi kuuongezea.

Mnajua kwamba mke wangu Chemutai ni Msabaot wa Mlima Elgon. Kwao ni mbali kule mlimani, juu ya Kapsokwony, mahali ambapo wenyewe hupaita Juu tu. Kwingineko kote, pamoja na Nairobi, ni Chini. Akina mama wa kanisa la Juu wana kikundi chao, na kwa miaka mitatu wamekuwa wakiweka akiba ya maziwa na viazi ili wanunue kinu cha kusagia mahindi. Mwenyekiti wa kikundi ni mama mkwe wangu.

Hapo ndipo penye shida. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hutoka njiani. Wasabaot nao wana heshima yao kwa wakwe, kwa hivyo jambo hili halijawahi kubishaniwa. Kwa miaka ishirini na miwili sijazungumza na yule mama ana kwa ana. Maneno yake hunifikia kupitia shemeji yangu Ndiema, na yangu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Basi Ndiema alinipigia simu: akina mama wako tayari, na kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu, ninakaa karibu na Kitale na ninajua maduka, wameniamini niwanunulie. Akasema wazi kabisa kwamba wanataka kinu cha injini ya dizeli.

Nilimjibu, "Shemeji, wewe niachie mimi."

Kwanza hadi Kitale

Safari hii fupi niliifanya Jumatano nikiwa na tai shingoni. Msiniulize tai ya nini. Nilikuwa nimejiona mtu wa maana, mtu anayepeleka maendeleo mlimani, na mtu kama huyo huvaa tai.

Pale dukani Kitale, muuzaji alinionyesha vinu viwili vilivyofanana, kimoja cha dizeli na kingine cha mota ya stima. Mota ilikuwa mpya, ya rangi ya buluu, ndani ya sanduku la karatasi ngumu lenye picha. Ile injini ya dizeli kando yake ilionekana nzito na chafu. Nikakumbuka kwamba Krismasi tulipokuwa Juu niliona nguzo za stima zimesimama kando ya njia hadi mlangoni kwa wakwe, na waya umetoka kwenye nguzo ukaenda hadi pembe ya nyumba. Nikajiambia, hawa watu wa mlimani bado wanawaza dizeli na huku stima iko mlangoni! Kazi ya msomi ni kuwafungua macho. Nikachukua cha mota bila kumpigia mtu simu, maana nilitaka iwe ni jambo la kuwashangaza.

Muuzaji aliniuliza mara mbili kama huko stima ipo, maana bidhaa ikishatoka kwake hairudi. Nilimjibu kwa Kiingereza, naye akaniandikia risiti.

Kitale hadi Kapsokwony

Alhamisi asubuhi nilikodi pikapu ya kijana mmoja anayeitwa Barasa, mtu wa maneno mengi na gari lisilo na honi. Kila tulipokaribia kona alitoa kichwa dirishani akapiga mluzi.

"Mwalimu, si hii barabara imekuwa poa, bana," aliniambia tulipoiacha barabara kuu pale Kamukuywa tukaanza kupanda. "Kitambo hapa ulikuwa unaacha gari, unaendelea na miguu."

Alisema kweli. Nilipoenda kuposa, nilipanda mlima huu nikiwa nimebeba viatu mkononi. Siku hizi ni lami nyeusi hadi Kapsokwony na kuendelea. Kando yake kumeota kila kitu: kituo cha mafuta, maduka yenye milango ya vioo, nyumba ya kulala wageni ya ghorofa mbili, na mama anayekaanga viazi ambaye zamani alikuwa akiviuza vibichi kwa gunia. Watu wanajenga wakiangalia barabara. Hata wenye nyumba za zamani wamehamisha milango yao ili iangalie lami. Nilitikisa kichwa kwa furaha kana kwamba nimeimwaga lami ile mimi mwenyewe.

Tulikula viazi pale. Nilimwambia Barasa kwamba mlima umeamka na kwamba umaskini wa huku sasa ni historia. Yule mama wa viazi alinisikia. "Umaskini umesogea tu, mzee," alisema huku akigeuza viazi. "Panda hapo nyuma utaukuta."

Nilidhani ananitania, nikamwachia chenji.

Kapsokwony hadi Juu

Lami iliishia nyuma ya soko. Baada ya hapo palikuwa na changarawe, kisha udongo mwekundu, kisha mawe ambayo Barasa aliyakwepa kwa mluzi. Tulipishana na punda wakishuka na viazi, na mara mbili tulisimama ili tuondoe gogo njiani. Karibu na kona ya mwisho nilimwona mama mkwe akija kwa miguu kutupokea. Nilishuka garini haraka ili nitoke njiani kwa heshima, nikaingia moja kwa moja kwenye majani yanayowasha, na tai yangu. Alipita akitazama upande wa pili. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kule kanisani niliwakuta akina mama wapatao thelathini, kila mmoja na mahindi yake ndani ya debe au mfuko. Walikuwa wamejenga kibanda kipya cha mabati cha kuwekea kinu, na sakafu wameimwagia saruji. Waliimba. Nilishusha turubai kwa mikono miwili kama mtu anayefungua mnara.

Ndiema alizunguka lile gari mara moja. Ni mtu mpole, haongei haraka.

"Mwalimu, kinu nimekiona. Injini iko wapi?"

"Hii hapa. Mota! Ya stima! Hakuna moshi, hakuna kelele."

"Stima gani?"

Nilicheka, nikamwonyesha kwa kidole nguzo iliyokuwa mbele yetu. Naye akaitazama kwa muda, pengine ili anipe nafasi ya kuitazama pia.

"Hiyo iko na waya?" aliuliza.

Niliinua macho. Ilikuwa nguzo tupu. Iliyofuata nayo ilikuwa tupu. Zilishuka mlima mzima moja baada ya nyingine, hazina kitu, na kwenye moja ndama alikuwa amefungwa.

"Zililetwa wakati wa kampeni," alisema Ndiema. "Watu wakapiga kura, lori ya waya haijakuja mpaka wa leo."

"Lakini Krismasi niliona waya unaingia kwenu! Kwenye pembe ya nyumba!"

"Ile ni ya kuanika nguo, mwalimu."

Nyimbo zilikuwa zimekwisha. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma ya wenzake mbali nami, alisema jambo kwa Kisabaot. Ndiema alikuna shingo.

"Mama anauliza, ati ulisoma mpaka wapi?"

Mniamini, afadhali wangenitukana. Hawakunitukana. Mmoja akainama akabeba debe lake, na mwingine, na mwingine. Hapakuwa na unga majumbani, kwa sababu walijua leo watasaga. Wakaanza kushuka kwenda kusaga Kapsokwony, kwenye vinu vya kando ya lami, kama walivyofanya wiki zote za maisha yao. Ni nusu siku kwenda na kurudi, na kurudi ni kupanda. Mama mkwe wangu ana zaidi ya miaka sabini. Alijifunga mahindi mgongoni akawafuata. Barasa alishusha mashine garini akawakimbilia kuwapa lifti, wakapanda waliotosha. Waliobaki walitembea.

Ndiema aliketi kando yangu juu ya sanduku la mota. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuniambia kwenye simu. Waume wengi walikuwa wamechoka na ile akiba. Walitaka igawanywe, kila mtu apate chake, na akina mama wakaomba wapewe hadi Jumapili hii. "Jumapili kinu kisipoguruma, kinauzwa na kikundi kinavunjika. Na mama ndiye aliwaambia wakuamini."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata darasani mbele ya mkaguzi.

Juu hadi Bungoma

Ndiema ndiye aliyekumbuka. Alimjua mzee mmoja Bungoma, Mzee Wafula, mwenye vinu karibu na reli. Kwake stima ilifika kitambo, waya na kila kitu, akahamia kwenye mota na injini yake ya dizeli akaitupa nyuma ya nyumba. Tena wiki iliyopita mota yake iliungua. Yeye ana kisichomfaa, sisi tuna kisichotufaa. Tulimpigia simu akasema tuje tubadilishane.

Ijumaa tuliondoka mapema, mimi, Ndiema, Barasa na mota yangu ya buluu. Tulipitia Kimilili na Chwele, na kadiri tulivyoshuka ndivyo nguzo zilivyozidi kuwa na waya. Nilikuwa nazitazama kila moja. Barasa aliona, akaanza kunihesabia kwa sauti: "Hii iko nayo, mwalimu. Hata hii iko nayo." Alifanya hivyo hadi Chwele, ambako Ndiema alimnunulia soda ili anyamaze.

Siku ile Chwele palikuwa na soko. Tulikwama kwa muda mrefu nyuma ya lori lililokuwa likipakia viazi vya mlimani, magunia yaliyojazwa hadi yakatoka kilemba juu. Ndiema aliyatambua. Alinionyesha gunia lililoshonwa kwa kamba ya buluu, akasema huo ni mshono wa jirani yake. Viazi vilikuwa vimeshuka kwa punda, vikapita kwa madalali wawili, na sasa vinaenda mjini kwa lori. "Viazi vinajua njia kuliko stima," alisema, na hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akikasirika.

Bungoma, na kuku wa Mama Nekesa

Tulifika kwa Mzee Wafula kabla ya saa nne. Bungoma ina haraka yake: bodaboda, baiskeli, watu wenye faili kwapani wakielekea ofisini. Uani kwa mzee hapakuwa na haraka yoyote. Alitupeleka nyuma ya nyumba, akainua kipande cha bati, na injini ikaonekana. Juu yake, katikati ya gurudumu na tangi, alikuwa amelala kuku mwekundu aliyetutazama kwa jicho moja.

"Injini ni hii," alisema Mzee Wafula, ambaye l zake nyingine hutoka r. "Nzima kabisa. Rakini kuku ni wa mama."

Mama alikuwa mke wake, Nekesa. Alitoka jikoni akatueleza hali. Kuku amelalia mayai kumi na mawili. Leo ni siku ya kumi na nane, na atatotoa akifika ya ishirini na moja. Akishtuliwa atayaacha mayai, na mayai yatakufa.

Nilisema kwamba tuna kinu cha kanisa zima kinachongojea. Nekesa alinitazama vizuri. "Mwalimu, na hawa watoto kumi na wawili, wao hawangojei?"

Tulikubaliana hivi. Kuku anayelalia hushuka mara moja kwa siku kula na kunywa. Akishuka mwenyewe, tutayahamisha mayai haraka na majani yake, tutamwekea mahali pale pale, naye akirudi asijue. Lakini hakuna wa kumshusha. Tulipewa viti. Tukaketi wanaume wanne tukimtazama kuku.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Mzee Wafula alitusimulia siku stima ilipofika mtaani kwake. "Tulidhani tutakuwa matajiri," alisema. "Sasa kira mtu anaweza kununua mota. Vinu ni vingi kuliko mahindi." Kule Juu wanatembea nusu siku kutafuta kinu, na hapa vinu vinatafuta watu. Nilitaka kusema jambo la kisomi kuhusu hilo, lakini nilikumbuka waya wa kuanika nguo.

Saa saba Nekesa akatuletea ugali, na kitoweo kilikuwa kuku. Mimi, kama mgeni mkubwa, niliwekewa firigisi. Sikustahili firigisi ya mtu yeyote wiki ile, lakini ukiikataa umemtukana mwenye nyumba. Niliila nikiwa nimempa mgongo yule kuku kwenye injini. Niliona ni uungwana.

Saa nane kasoro kuku alisimama, akajinyoosha, akaruka chini. Sijawahi kuona wazee wakikimbia vile. Ndiema alipokezana mayai na Nekesa, Barasa alishika majani, na mimi nikatoa mota kwenye sanduku lake ili sanduku liwe kiota. Ndiyo kazi pekee ambayo ile mashine yangu imewahi kufanya vizuri. Kuku alirudi, akalizunguka sanduku lenye picha, akaingia, akajipanga. Nekesa alipiga vigelegele.

Kisha Mzee Wafula alitaka tuione injini ikiwaka. Aliizungusha kwa mpini wake mara tatu, ikakohoa, ikawaka, ikatoa moshi mweusi. Niliomba nijaribu. Ndiema alisema, "Mwalimu, acha." Sikuacha. Mpini ulirudi kinyume ukanipiga kifundo cha mkono, na hiyo ndiyo bendeji mliyoiona. Hakuna mkwe aliyenigusa.

Bungoma hadi Juu, mara ya pili

Kuku alikuwa ametugharimu mchana wote, na mvua ya mlimani haingojei. Ilitukuta Kimilili. Tulipofika mwisho wa lami udongo ulikuwa umekuwa uji, na pikapu ya Barasa ilipanda kidogo ikarudi yenyewe. Tukalala Kapsokwony.

Jumamosi asubuhi nilisikia watu nje. Akina mama walikuwa wameshuka. Ndiema alikuwa amewapigia simu, nao wakaja na ng'ombe wanne wa kulima na gogo lenye panda, lile wanalotumia kukokotea magogo ya kuni. Injini ilifungwa kwenye panda kwa minyororo, ng'ombe wakaanza kuvuta, na wanawake wakagawana kamba mbili za pembeni ili lisiteleze. Mimi, kwa sababu ya mkono wangu, nilipewa kubeba mpini. Tena nilitakiwa kutembea mbele kwa umbali wa kona moja, maana mama mkwe alikuwa nyuma ya gogo akishika jiwe la kulizuia lisirudi. Hivyo ndivyo mleta maendeleo alivyopanda mlima: peke yake, na kipande cha chuma begani, akisikiliza maendeleo yakija nyuma yake bila kuyaona.

Mahali penye mwinuko mkali nilisikia ng'ombe wakiteleza na watu wakipiga kelele. Nilisahau kona, nilisahau desturi, nikarudi mbio. Gogo lilikuwa limeanza kurudi. Mama mkwe alikuwa ameingiza jiwe chini yake na kuliegemea kwa bega, miguu yake ikizama. Nilijitupa upande wa pili nikaegemea kwa mkono ule mzima. Tulikuwa karibu kuliko tulivyowahi kuwa. Alimtazama ng'ombe aliyekuwa mbele, akapaza sauti:

"Sukuma!"

Ndiema, akiwa kwenye kamba na jasho limemjaa machoni, hakusahau kazi yake. "Mama anasema usukume," aliniambia.

Tukasukuma.

Jumapili, kibandani

Baada ya ibada hakuna aliyeenda nyumbani. Waume walisimama upande mmoja wamekunja mikono, nao akina mama upande wa mlangoni na madebe yao. Fundi wa Kapsokwony alikuwa amefunga mkanda kati ya injini na kinu. Ndiema alizungusha mpini. Ikakohoa, ikanyamaza. Alizungusha tena, ikanyamaza. Mume mmoja akasema kitu na wenzake wakacheka. Nilimtazama mama mkwe kutoka kule nilikokuwa. Alikuwa amelishika debe lake kwa mikono miwili na hakumtazama mtu.

Mara ya tatu ikawaka. Mabati ya kibanda yalitetemeka, na kelele ikashuka mlima mzima. Wale waume walikunjua mikono. Mmoja wao, yule yule aliyesema kitu, alitoka mbio kwenda nyumbani kuchukua mahindi.

Mwenyekiti alisaga wa kwanza. Unga ulipoanza kutoka aliuweka mkono wake chini ya mdomo wa kinu akauacha hapo, na uso wake ukabadilika. Niliogopa kwamba kuna kokoto. Kisha alichota kiganja kimoja, akaja hadi mahali nilipokuwa, akasimama mbali kidogo kama inavyopasa. Alinionyesha ninyooshe mkono. Aliumimina ule unga kutoka juu, vidole vyake visiguse vyangu.

"Shika," alisema kwa Kiswahili. "Una moto. Wangu hufika nyumbani baridi."

Kinu cha hapa Kwanza kiko nyuma ya nyumba yangu. Nimeletewa unga wa moto maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba una moto.

Ndiema alifungua kinywa ili anifikishie maneno.

"Nimemsikia, shemeji," nilimwambia, nikabaki nimeushika ule unga hadi ulipopoa.